Usafi wa makaburi ya mashujaa Naliendele, Jumamosi hii

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe ndugu zangu.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, imekaribia. Jumamosi hii tunakwenda Naliendele, hapa Mtwara, kufanya usafi, ruhusa tumeshapewa. Tukutane stendi saa 12 na nusu asubuhi. Mwenye fyekeo, reki, ndoo au brashi laini aje navyo. Maji ya kunywa yapo.

Vijana wameniuliza waliolala pale ni akina nani. Ni askari wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, waliofia Msumbiji. Baada ya FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi wa Msumbiji, kuchukua uhuru mwaka 1975, waasi wa RENAMO waliendesha vita vya msituni dhidi ya serikali yake, na kati ya 1986 na 1988 jeshi letu lilikwenda kuisaidia serikali hiyo. Wengine walirudi na mguu mmoja, wengine hawakurudi kabisa. Hawa mabaki yao yalivushwa mto Ruvuma baadaye, wakazikwa huku kwetu.

Mwaka jana nilimwona mama mmoja mtu mzima amepiga magoti, anafuta vumbi kwa ncha ya kanga, herufi moja moja, mpaka jina lote likasomeka. Hakulia. Alipomaliza akalisoma kwa sauti ndogo, akasogea kaburi la pili, ambalo halikuwa la mtu wake, akaanza tena. Nawaomba tufanye vivyo hivyo: taratibu, kwa maji na kitambaa. Msisugue maandishi kwa brashi ya waya, yatafutika.

Wazee wetu waliopigana kule wakijaliwa kuja, shikamoo kwanza, kisha mkeka kivulini. Picha tutapiga tukishamaliza kazi.

Anayekuja aandike jina hapa chini.