Swali la kula au kutokula limetupoteza njia

Ndugu Mhariri,

Kila linapotajwa jina la Ram Bahadur Bomjon, yule kijana wa Nepal aliyeitwa Buddha aliyezaliwa upya, ubishi hurudi palepale juu ya madai kwamba alitafakari miezi mingi bila chakula wala maji: alikuwa akila au hakuwa akila? Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona swali hilo limewapotosha waumini na wakanushaji kwa pamoja.

Mwezi Mei 2005 Bomjon, kijana wa miaka 15 hivi, aliketi kutafakari kati ya mizizi ya mpipali, mti wa jamii ya mtini, msituni katika wilaya iitwayo Bara, kusini mwa Nepal, na haukupita muda kabla ya maelfu ya watu kumiminika huko, wengine wakivuka mpaka kutoka India, ili wamtazame kwa mbali kwa kuwa hawakuruhusiwa kumkaribia. Wachuuzi wakafika, michango ikakusanywa, na kila jioni pazia likavutwa mbele yake hadi asubuhi. Wenye shaka walidai kwamba chakula kilipitia nyuma ya pazia hilo. Waumini wakawaona ni wakorofi wasioheshimu ibada. Viongozi wa wilaya nao wakaomba wanasayansi waje kuchunguza.

Kwamba watu walimkimbilia, silioni jambo la ajabu. Vita kati ya serikali na waasi wa Kimao, vilivyoanza 1996, vilikuwa havijaisha, na Februari 2005 Mfalme Gyanendra alikuwa amejitwalia madaraka yote, hivyo faraja ilitafutwa popote ilipodhaniwa kuwapo. Kinachonishangaza ni kwamba walioona kufunga kwake kuwa ndiyo alama ya Buddha waliisahau simulizi ya Buddha mwenyewe, ambaye alijinyima chakula hadi akabaki mifupa mitupu, akaona njia hiyo haimfikishi popote, akapokea wali wa maziwa, na ndipo alipoketi chini ya mti alikopata nuru. Bomjon naye alikwisha kusema asiitwe Buddha, lakini nani alikuwa na haja ya kumsikiliza?

Katika kelele hizo zote hakuna aliyeuliza kwa sauti ni nani mlezi wa mtoto yule, ni nani anayeshika fedha zinazotolewa kwa jina lake, na ni nani atakayethubutu kumkemea siku atakapokosea. Maswali hayo yalikuja kuulizwa na polisi miaka mingi baadaye, baada ya familia kulalamika kwamba ndugu zao waliomfuata hawaonekani. Januari 2024 alikamatwa Kathmandu, akakutwa na mabunda ya fedha, na Julai mwaka huo Mahakama ya Wilaya ya Sarlahi ikamhukumu kifungo cha miaka 10 kwa kumdhulumu kingono msichana mdogo. Mambo ya rufaa nawaachia mahakimu.

Ombi langu ni hili: gazeti lako litakapoandika tena juu yake, liache habari za pazia, liwape nafasi ndugu wa wafuasi waliopotea.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi