Aliyedondoka mnaziani asiinuliwe ovyo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, hasa wakwezi na vijana wa bodaboda. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mingoyo. Mtu akidondoka mnaziani huku kwetu hushikwa makwapa, akakalishwa, akanyweshwa maji, kisha akapakiwa mishikaki kwenye bodaboda huku kichwa kinaning'inia. Inaniuma sana.

Shingo ina pingili 7. Mbili za juu ndizo zinazobeba fuvu na kutuwezesha kugeuza kichwa. Ndani yake unapita mshipa mkuu wa fahamu, na ukikatika hapo juu, hata pumzi hukata. Mfupa uliovunjika unaweza kuwa bado haujaugusa. Ni sisi tunaomkurupusha mgonjwa tunaousukuma.

Basi mwacheni alale palepale. Mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili, kisicheze. Kanga mbili zikunjwe ziwekwe huku na huku. Akihamishwa, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango. Na mkandaji asimguse, jamani, hata kama ni bingwa wa kijiji!

Wengi huogopa hospitali wakidhani lazima mtu apasuliwe. Si lazima. Baadhi ya mivunjiko hiyo huunga kwa kola ngumu inayovaliwa miezi mitatu hivi. Mingine ndiyo hufungwa skrubu.

Naziomba serikali za vijiji ziweke ubao na mikanda ya kumfungia majeruhi kwenye kila zahanati. Fundi seremala yeyote anaweza kuuchonga.

Muuguzi mstaafu,
Mingoyo, Lindi