Kwa somo yangu wa Bagamoyo, na PS2 ya shemeji

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama anakusalimu na anauliza Bagamoyo wamekupa nini hata umetusahau. Nimecheka kusikia shemeji yako karudi kutoka Muscat na PS2 ya zamani, ile mashine ya gemu ya PlayStation 2, na wewe umeikalia kama kuku wa mayai, hujui uanze na gemu ipi.

Kwanza usiiunge kwenye ile tivii ya flati ya sebuleni. Mashine yenyewe ya mwaka 2000, enzi za tivii za chogo; kwenye flati picha inakuwa na ukungu kama unatazama kupitia chandarua. Katafute chogo kwa fundi, chomeka zile waya tatu, njano, nyeupe, nyekundu. Memori kadi, za kuhifadhia ulipofikia, nunua mbili, maana moja ni MB 8 tu.

Najua unasubiri niseme PES 6, ile gemu ya mpira. Haya, itafute, ya 2006 bado tamu. Unalikumbuka banda la gemu la Makorora, shilingi mia kwa mechi, aliyefungwa anampisha mwenzie? Na ile sheria ya chaki ukutani: INTER MARUFUKU. Yote sababu ya Adriano, mshambuliaji wao. Nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto. Akivuka tu nusu ya uwanja, mwenzio anaanza kutafuta viatu vyake. Wewe ulikuwa unachukua Liverpool, ambayo mle inaitwa Merseyside Red kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na haki ya jina, na kila ukifungwa unadai hiyo si Liverpool yenyewe. Sijasahau.

San Andreas, ile GTA ya CJ, nayo utaichukua hata nikikukataza. Lakini sisi ile hatukuicheza, somo, tuliipora kwa kodi za kubonyeza kwenye pedi. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Vidole vinaikumbuka mpaka leo: dola 250,000 mfukoni mwa CJ, na mwenye banda ananidai mia mbili. Miji mitatu mizima tuliizunguka kwa magari ya watu na mpaka leo sijui CJ aligombana na nani na kwa nini. Safari hii icheze bila lile karatasi la daftari tulilonakili kodi.

Sasa ninayoipenda kuliko zote, ambayo nikiitaja barazani wananitazama kama nimepandisha. Inaitwa Shadow of the Colossus, ya 2005. Mle hamna mpira, hamna bunduki, wala adui wa kukutana naye njiani. Kuna kijana, farasi wake Agro, upanga, upinde na majitu 16. Basi. Nchi nzima ni majani, mawe na upepo. Unanyanyua upanga juani, mwale unakuonyesha upande lilipo jitu, unapanda farasi unakwenda. Na huyo Agro si pikipiki. Ukimgeuza anafikiri kwanza.

Ukilifikia jitu, unalidandia. Unashika manyoya yake kwa R1, unapanda, nalo linajitikisa kukutupa. Ukiachia kidole, umeanguka. Ukikawia kung'ang'ania, nguvu zinakuisha, unaanguka vilevile. Usiku wa kwanza kidole changu kilikufa ganzi, nikashindwa hata kufinyanga ugali.

La 13 ndilo nataka ulione. Linaruka juu ya jangwa, refu mno, linaogelea angani polepole na halimgusi mtu. Wewe ndiye unayelichokoza: unalipiga mishale kwenye mifuko yake ya tumboni mpaka lishuke, mabawa yanakwaruza mchanga, unakimbiza farasi sambamba nalo, unarukia bawa. Nilipoliua mara ya kwanza sikushangilia. Nilizima tivii nikatoka kwenda kukaa na wazee wa kahawa, na walipouliza nina nini nikasema joto.

Nyingine kwa ufupi. Tekken 5, ya kupigana ngumi na mateke, kwa sababu ndani yake mna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, sidii moja umemaliza. Ila wakija wapwa zako na kwenye ile ya tatu wakachagua Eddy, wanyang'anye pedi. Huyo hata mtoto anayebonyeza ovyo anashinda. Burnout 3 ni ya mbio za magari na kugongana, na ni tamu ukitoka kazini na hasira zako.

Shadow usinunue. Nakupa yangu, keshokutwa naitia kwenye bahasha nampa kondakta wa basi la Dar, wewe kaipokee Msata. Ina mkwaruzo mdogo pembeni. Ikigoma kusoma, itoe uifute kwa fulana ya pamba, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Na ukifika la 13 nipigie, hata ikiwa saa nane usiku.

Ni mimi,
somo yako wa Ngamiani