Wauguzi wa watoto waulizwe mapema, tena kwa faragha

Ndugu Mhariri,

Kila mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza unapotokea husikika kauli kwamba uuguzi ni wito, na kwamba anayesita kuingia wodini hakuitwa. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, sehemu kubwa nikiwa wodi ya watoto, na naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini kauli hiyo inatuumiza sisi na kuwahatarisha watoto.

Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, nilipangiwa kwenye kambi ya kutibu wagonjwa. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka kama mitatu, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imekunjika, mshipa wa kuwekea dripu hauonekani mkononi wala mguuni. Mwenzangu, ambaye jioni ile alikuwa ameniambia waziwazi kwamba anaogopa kwa sababu ananyonyesha, ndiye aliyempakata na kumnywesha maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko mpaka mshipa ukapatikana. Na kila alipomaliza jambo moja alirudi kwenye ndoo ya klorini, akanawa. Palikuwa na mwingine, mchangamfu, asiyeogopa chochote, ambaye tulilazimika kumkumbusha glavu kila mara. Siku chache baadaye yule dada aliomba ahamishwe hadi atakapomwachisha mwanawe ziwa, akajibiwa mbele ya wenzake kwamba hana moyo wa kazi. Aliinamisha kichwa, akarudi zamu bila kusema neno.

Sikatai kwamba hulka ya mtu ina nafasi yake. Mgonjwa mtu mzima huvaa barakoa ukimwelekeza, lakini mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba watoto wa miaka 5 na chini wasilazimishwe kuivaa, na kwa kweli mtoto mgonjwa hakai peke yake nyuma ya pazia: atalia, atakushika shingo, atakutapikia begani. Kwa hiyo muuguzi mwenye huruma na subira ndiye anayekaa karibu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na wema wake huo humwongezea hatari.

Woga nao hautenganishi ugonjwa na ugonjwa mpaka mtu afundishwe. Kipindupindu kwa kawaida hakimpati muuguzi anayenawa ipasavyo. Surua husambaa hewani, ila aliyekamilisha chanjo ana kinga. Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili, na kule Kagera mwaka 2023 mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Anayeyajua hayo, na akakuta boksi la glavu limejaa, huogopa kwa kiasi kinachostahili.

Ninachowaomba waganga wafawidhi na wauguzi wakuu wa hospitali zetu ni kuzungumza na kila muuguzi wa watoto sasa, kabla masika hayajaingia na maji ya mafuriko hayajachanganyika na ya vyoo huko Jangwani na Tandale: nani ana kichanga nyumbani, nani analala chumba kimoja na mzazi mgonjwa, nani hajachanjwa, nani yuko tayari kwa zamu ya kwanza. Majibu yatumike kupanga zamu, yasiingizwe kwenye faili la kumpandisha mtu cheo. Na anayenyonyesha akiomba kupumzishwa, apelekwe kliniki ya chanjo au stoo ya dawa, pasipo kuhojiwa mbele za watu.

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam