Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mafunzo ya ESP32, ile chipu ndogo ya kuendeshea vifaa, yamefanyika, ziara imefanyika, na pilau ya kufunga mwaka, ambayo niligharamia mwenyewe, imeliwa hata na wasiolipa ada.

Nije kwenye lililotugawa: uamuzi wa Kamati Tendaji kuiondoa Mbed TLS 2.28, maktaba ya programu inayolinda mawasiliano ya vifaa vyetu, kwenye hazina yetu ya msimbo na kuhamia toleo la 3.6. Kwenye kundi la WhatsApp nimeitwa dikteta, na wengine wanadai wameshtukizwa. Sawa. Lakini 2.28 ilifikia ukomo wa matunzo mapema mwaka huu. Tundu likigunduliwa leo, watengenezaji wake hawalizibi tena. Ya 3.6 itatunzwa hadi angalau Machi 2027.

Ni kweli vifuatilia magari vya baadhi yenu vimeacha kuongea na seva ya chama. Vilikuwa vinatumia TLS 1.0, toleo la zamani la itifaki ya kulinda mawasiliano, na maktaba hii iliachana nayo tangu toleo la 3.0. Aliyeipiga marufuku si mimi: IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, iliiweka kando, pamoja na 1.1, Machi 2021. Kwa hiyo ile hoja ya "kushtukizwa" naomba tusiirudie hapa. Wenye shida kubwa ni wale ambao vifaa vyao havipokei sasisho kwa mbali, na fundi inabidi afungue gari moja moja. Mwaka jana nilisema kifaa cha namna hiyo kisitoke karakana. Muhtasari wa kikao upo, ingawa najua wengi hawakuwepo kunisikia.

Lipo pia pendekezo la kubuni usimbaji wetu wenyewe wa kuficha data kwa ajili ya chipu ndogo, eti ule wa kawaida ni mzito. Nililikataa na bado nalikataa. Tazameni Ascon, usimbaji mwepesi wa vifaa vidogo: ilichapishwa 2014, wataalamu wa dunia nzima wakaichokonoa miaka na miaka, ndipo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikaichagua Februari 2023. Kiwango chenyewe kimetoka Agosti mwaka huu. Hali yake ya ndani ni biti 320 tu, inaenea hata kwenye chipu zetu. Usimbaji wetu ungechokonolewa na nani, wakati vikao vyenyewe havitimizi akidi?

Hapo ndipo penye uchungu. Tuko 58, waliolipa ada ya shilingi 50,000 ni 21. Tumekusanya 1,050,000, tunadai 1,850,000, seva imekula 780,000, vifaa vya mafunzo 174,000, salio 96,000. Seva hiyo hiyo mnayoilalamikia. Wadaiwa sitawataja majina, wanajijua, na wengine ndio wenye sauti kubwa kundini.

Mwakani, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kupata chumba cha maabara na kuanza kuijaribu ML-KEM, kinga dhidi ya kompyuta za kwanta ambayo NIST iliitangaza kuwa kiwango Agosti 2024. Si mzaha: ufunguo wa wazi wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184, ilhali wa X25519, njia ya kawaida ya leo, ni 32, na wengi wenu mnahangaika na kumbukumbu hata sasa. Tutaunda kamati ndogo. Wa kujitolea wajitokeze.

Maswali ya fedha atayajibu Mweka Hazina. Ya 2.28 niulizeni mimi.

Mwenyekiti