Kabla hujanunua miche mingine ya nyanya, kata shina la ule ulionyauka

Wateja wengi hutujia kitaluni na kilio kilekile: nyanya zilistawi vizuri, zikaanza kutoa maua, ghafla zimenyauka zikiwa bado kijani. Wamemwagilia, lakini wapi. Kisha wanaomba miche mingine waipande kwenye mashimo yaleyale. Hapo tunawaomba wasubiri kwanza, ingawa ni mauzo tunayaacha.

Chukua glasi ya maji safi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukishikilie ncha yake iguse maji, bila kukitikisa. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria. Usipouona, na majani ya chini ndiyo yaliyotangulia kuwa njano, pengine upande mmoja tu, pasua shina kwa urefu. Rangi ya kahawia ndani yake huashiria mnyauko fusari, ambao ni ukungu.

Kwa fusari, mbegu husaidia sana: tafuta pakiti yenye herufi F, yaani aina inayostahimili fusari. (V ni ukungu mwingine wa udongoni, N ni minyoo fundo.) Mnyauko bakteria ndio unaotuumiza vichwa. Hakuna dawa ya dukani itakayoponya mche ulioshikwa, na tunasikitika kuona watu wakimaliza hela kwa kupulizia. Ng'oa mche pamoja na mizizi yake, uchome, usiutie kwenye mboji. Osha jembe kwa maji yenye klorini kabla hujagusa tuta jingine, na usiache maji ya pale yatiririkie kwenye mimea mizima.

Kisha pumzisha tuta hilo miaka mitatu au zaidi: panda mahindi au vitunguu. Bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, visipandwe hapo. Hata mnavu, ambao wengi huusahau kwa kuwa unajiotea.

Kama ua wako ni mdogo na huna pa kuhamia, panda kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa, uziweke juu ya matofali ili mizizi isifike chini. Udongo wa viroba tunauza. Tunaulowesha na kuufunika kwa nailoni angavu wiki sita za jua kali kabla ya kuuchanganya na samadi iliyooza vizuri.

Kuangalia shina hatutozi chochote. Ulete ndani ya mfuko uliofungwa, tafadhali, udongo wake usidondokee kwenye miche yetu.