Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: bandikeni jedwali la vipimo vya mionzi kwa watoto chumba cha eksrei

Kwako Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (unajijua, mkoa siutaji).

YAH: EKSREI ZA WATOTO WACHANGA

Shikamoo Daktari. Natumaini u mzima na majukumu yanakwenda. Barua ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale mapokezi. Kufuli la sanduku lile limeota kutu, kwa hiyo hii naiandika hadharani.

Wiki iliyopita binti yangu wa miezi 7 alikohoa usiku kucha, kifua kikibonyea kila akivuta pumzi. Kufika kwenu tukaandikiwa eksrei papo hapo, nguo hajafunuliwa. Zahanati ya kwetu muuguzi anafungua kanga, anatazama saa, anahesabu dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, muuguzi anajua cha kufanya. Kwenu kuna mabingwa, labda kuhesabu ni kazi ya zahanati. Sisemi picha haikuhitajika, pengine ilihitajika kweli. Nasema aliyeiandika hakumtazama mtoto.

Ndani ya chumba nikaambiwa, "Mama, mshike mikono asitikisike." Nikamshika. Aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yangu. Hakuna aliyenivalisha, wala aliyeniuliza kama nina ujauzito. Mtoto akajirusha, picha ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Nashukuru zile za kurudia hamkunitoza.

Nilipokabidhiwa picha niliinyanyua dirishani. Cheti kiliandikwa kifua. Mle ndani nikaona taya, mikono yote miwili, tumbo zima hadi nyonga, na vidole vyangu, kimoja kina pete ya ndoa. Daktari, pete yangu ilikuwa inaumwa nini? Ile taa inayomulika eneo la kupigwa ina vifundo vya kubana mwanga mpaka ubaki kifuani tu. Ni kazi ya sekunde chache, haisubiri fedha za Hazina.

Siku ya kuzindua mashine ya kidijiti ulisimama mbele ya Mkuu wa Mkoa ukatuahidi kwamba sasa mionzi itapungua. Nilipiga makofi kama wenzangu. Baadaye mdogo wangu anayesomea mambo ya mionzi akanifungua macho. Zamani mionzi ikizidi filamu ilitoka nyeusi, kila mtu akaona. Siku hizi kompyuta inaisawazisha picha, inatoka safi hata kama mtoto kapigwa mara kadhaa ya kiasi alichohitaji. Ikipungua ndipo picha inakuwa na chengachenga na daktari analalamika, basi mkono wa mpigaji unazoea kuongeza. Nahisi mashine yenu inawapiga watoto kwa vipimo vya watu wazima. Ushahidi sina, nyuma ya kioo sikuruhusiwa kuchungulia. Lakini kijana aliyepiga picha hakumpima uzito, hakumuuliza umri, na sikumwona akigusa chochote tofauti na kwa mzee aliyetutangulia.

Usidhani naiogopa eksrei kama uchawi. Picha moja ya kifua iliyopigwa vizuri ni mionzi kidogo, sawa na ile ambayo sote tunaipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Ninachokataa ni ile ya ziada isiyo na kazi. Seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake ya madhara kujitokeza, kuliko mimi na wewe.

Wala sijaleta jipya. Marekani walianzisha kampeni ya Image Gently (yaani piga picha kwa upole) mwaka 2008 kwa ajili ya hilihili. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikutana na wataalamu Bonn, Ujerumani, wakatoa wito wa kuwalinda wagonjwa. Hapa kwetu kuna Tume ya Nguvu za Atomiki kwa Sheria Na. 7 ya 2003. Sidai hata mtoto afunikwe risasi. Tangu 2019 wanafizikia tiba wa Marekani wanashauri kuacha mazoea hayo, maana faida yake ni ndogo na kifuniko kinaweza kuharibu picha. Anayemshika ndiye avae.

Ombi langu ni jedwali. Karatasi moja, ibandikwe pembeni ya swichi: mtoto wa uzito huu, vipimo hivi; kwa mtoto mchanga, gridi (kile kichujio cha mionzi iliyotawanyika) itolewe, maana kwa mwili mwembamba inadai mionzi zaidi bure; mwanga ubanwe kifuani; picha ikirudiwa, sababu iandikwe. Karatasi, Daktari. Printa mnayo, maana "LIPIA KWANZA" mmelibandika kila mlango.

Mtoto amepona, ananyonya vizuri. Hata hivyo Jumatatu tunatakiwa kurudi, na tumeshaandikiwa picha nyingine "ya kuangalia maendeleo". Naomba nikute jedwali hilo ukutani. Kama halipo, awepo mtu wa kunieleza picha hiyo ni ya nini, la sivyo siingii naye chumba kile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto, wodi ya watoto

Nakala: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania